Bango la kipindupindu: baraza lilipiga makofi, je, inatosha?

Swali: "Hujambo daktari. Nasimamia wahamasishaji wa afya ya jamii kumi na wawili upande wa Ahero, kaunti ndogo ya Nyando. Kikundi chetu kimepata pesa za mfadhili za kuchapisha mabango 2,000 ya kuzuia kipindupindu kabla ya mvua ya masika. Sharti lake ni kwamba jamii ishirikishwe. Mwezi jana chifu alitupa nafasi kwenye baraza lake, tukawaonyesha watu mchoro uliotengenezwa Nairobi, tukauliza kama wanauelewa. Wakasema ndiyo, wakapiga makofi. Nimeshaandika ripoti, lakini moyo wangu hautulii. Je, hapo tumeishirikisha jamii? Kama bado, tufanye nini na wiki sita tulizobakisha? Tena tuandike kwa Kiswahili au kwa Dholuo, lugha ya Waluo?"

Sijambo, dada. Mimi si daktari, ingawa huku Kisumu ukibeba faili na kuvaa viatu vya kufunga utaitwa daktari mpaka uzoee. Ni afisa wa uhamasishaji wa afya. Nimetengeneza mabango mengi, mengine mabovu, na hayo mabovu ndiyo yatakayokufaa leo.

Moyo wako umekuambia kweli: bado.

Hebu likumbuke lile baraza. Chifu amekaa mbele, wazee wa vijiji ubavuni pake, ninyi mmevaa fulana za mradi, kreti za soda ziko chini ya mti. Mchoro unainuliwa, mtu anauliza kwa sauti, "Mmeelewa?" Nani atasimama mbele ya majirani zake aseme yeye hajaelewa? Mgeni kaja na kitu kizuri cha rangi, haaibishwi. Makofi yale yalikuwa adabu. Na wale ambao ujumbe wako unawahusu zaidi, huenda hata hawakuwepo: mama aliyekwenda mtoni na mtungi wa lita 20, kijana anayefukuza ndege kwenye mpunga kuanzia alfajiri hadi jioni, muuza chakula ambaye akifunga kibanda amepoteza siku. Hata kama yule mama alikuja, alikaa nyuma ya mama mkwe wake. Unatarajia aongee habari za choo hapo?

Nitakusimulia kosa langu. Wakati mmoja nilichora kipeperushi cha maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayeharisha, yale ya kuchanganya nyumbani pakiti za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini, zikikosekana. Kipimo unakijua: vijiko sita vya chai vya sukari, kila kimoja kikiwa sawa na ukingo, nusu kijiko cha chumvi, lita moja ya maji salama. Nikachora vijiko, nikachora chupa, chini yake nikaandika "lita 1". Wenzangu wa ofisini walikipitisha kwa dakika tano. Kwa bahati tulikuwa na siku mbili kabla ya kwenda kwa mchapishaji, nikakipeleka soko la Kibuye. Nilifunika maandishi kwa karatasi, nikawaendea akina mama kumi, mmoja mmoja, nikawauliza swali moja tu: unaona nini hapa?

Wa tatu, muuza omena (dagaa wa ziwani), akasema, "Naona soda." Nikamwomba anionyeshe soda yenyewe. Akainama chini ya meza, akatoa chupa ya kioo ya mililita 300. Hadi namaliza wale kumi, wanne walikuwa wameiona chupa hiyo hiyo. Ukitia sukari na chumvi ya lita moja ndani ya mililita 300, umefanya mchanganyiko zaidi ya mara tatu ya ukali unaotakiwa. Maji mazito namna hiyo huyavuta maji ya mwili yaingie utumboni, na mtoto aliyekuwa anaharisha sasa anaharisha zaidi, huku chumvi ikimpanda mwilini. Kipeperushi changu chenye nembo zote za kuheshimika kilikuwa kinakwenda kuumiza watoto. Yule mama ndiye aliyenipa dawa: "Chora zile chupa mbili za maji za nusu lita wanazouza vijana stejini." Tukachora mbili. Tulipokijaribu tena kwa watu wengine, hakuna aliyekosea kipimo.

Kwenye baraza la watu sitini, nikiuliza "mmeelewa?", ningepigiwa makofi na kosa la soda lingepita.

Kosa la pili lilikuwa la alama. Tulichora nyumba mbili, moja ina choo nyuma na nyingine haina. Hiyo isiyo na choo tukaipiga X kubwa nyekundu. Mzee mmoja wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Wanabomoa lini?" Kenya hii, X nyekundu ukutani ni habari ya tingatinga, wote wanaokaa kando ya reli au barabara wanaijua. Msanii wetu naye aliijua vizuri sana, ila alipokuwa anachora hakuwa mtu mwenye nyumba karibu na reli. Kwa hiyo usiniambie mchoro wako ni mzuri kwa sababu aliyeuchora amesoma. Mwambie pia aangalie rangi. Huku kwetu chungwa lina chama na njano ina chama, na uchaguzi ukikaribia bango lako litachanwa, au litabusiwa, bila mtu kulisoma.

Hata hivyo, kujaribu mchoro uliokwisha kuchorwa ni nusu ya kazi tu, na ni nusu rahisi. Nusu ngumu ni kwenda kwa watu kabla mchoro haujakuwepo, mikono mitupu, na swali ambalo wewe mwenyewe hujui jibu lake. Miradi mingi huikwepa hatua hii kwa sababu humlazimu mtaalamu kunyamaza.

Tuchukue ujumbe ambao bila shaka uko kwenye mchoro wenu wa Nairobi: "Jenga choo, tumia choo." Uwanda wa Kano, huko kwenu, una udongo mweusi wa pamba. Kiangazi unapasuka, masika unavimba na kuteleza, shimo linajaa maji kutoka chini, kuta zinaporomoka. Kisha mto Nyando unavunja kingo na kila kilichokuwa chooni kinaelea uani. Mtu aliyejenga choo mara tatu na kukipoteza mara tatu anaposoma "Jenga choo" anaona kejeli. Ukimkalisha ukamuuliza, "Mara ya mwisho mafuriko yalipokuja, ninyi hapa mlikwenda haja wapi?", atakuambia mambo ya kuchapishwa: boma gani liko juu kidogo, nani aliinua choo chake kwa matofali, nani alikataa majirani wasitumie chake na kwa nini. Pengine bango lenu halitakiwi kusema "jenga" hata kidogo. Pengine litakiwe kusema mkubaliane sasa, kabla ya mvua, choo cha nani kitatumiwa na boma zipi, na nani ataleta sabuni.

Kuna na habari ya wakwe. Nimeona bango zuri la familia nzima, babu hadi mjukuu, imepanga foleni mbele ya choo kimoja, wote wanatabasamu. Katika maboma mengi ya Waluo na Waluhya, mkaza mwana kuingia choo kimoja na baba mkwe wake ni jambo zito. Bango lile lilionekana kama matusi ya familia. Habari kama hiyo haisemwi mbele ya chifu. Inasemwa na wanawake saba wakikoboa mahindi, mwanaume hayupo, na wewe umekaa chini pamoja nao.

Usiende na dhana kwamba watu hawajui. Mara nyingi wanajua na wana sababu. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2008 kuhusu vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Victoria walikuta neti za mbu zimetandazwa ufuoni na omena wameanikwa juu yake. Sababu walizopewa zilikuwa za watu wenye akili timamu: neti ni za bure au za bei ya chini, na samaki hukauka haraka juu yake. Bango la "Usianike omena kwenye neti" lingemwambia nini mama anayekimbizana na mawingu? Yeye anahitaji mahali pengine pa kuanika.

Na sasa kipindupindu chenyewe. Mlipuko wa 1997 hadi 1998 ulilaza zaidi ya watu 14,000 hapa Nyanza na kuua zaidi ya 500. Waliochunguza vijijini waliona hatari imekaa mahali patatu: kunywa maji ya ziwa, kula pamoja na mtu anayeharisha, na karamu za matanga. Hili la tatu huwezi kuliwekea bango kutoka Nairobi. Ukiandika "Epuka matanga" umemwambia Mluo asiwe mtu. Lakini ukiwauliza wanawake wanaopika kwenye matanga, wale wanaojulikana kijijini na huitwa kila mara, watakuonyesha penye shida: maji yanaletwa na nani, sufuria zinaoshewa wapi, beseni moja la kunawa linapitishwa kwa watu wangapi kabla ya kubadilishwa. Nina hakika watakuambia pia kwamba kinachohitajika hapo si bango, ni mitungi miwili yenye bomba, sabuni iliyofungwa kwa kamba, na kijana mmoja wa kusimama karibu. Uwe tayari kulisikia hilo. Wahamasishaji kumi na wawili, kila mmoja na nyumba karibu 100 kama serikali inavyopanga, ni nyumba 1,200. Mabango 2,000 ya nini? Hata ukibandika moja kila mlango, 800 yatabaki stoo. Chapisha 300 mazuri, na pesa zinazobaki zinunue mitungi, ikiwa mfadhili atakubali.

Lugha. Jibu fupi: itategemea bango linabandikwa wapi. Vijijini Nyando, Dholuo. Stejini Ahero, na ukielekea Muhoroni na Koru ambako Mluo, Mluhya, Mkalenjin na Mkisii wanapanga foleni kwenye duka moja, Kiswahili ndicho kisichomtenga mtu. Ila kuchagua lugha hakukumalizii kazi, maana maneno yenyewe yana mitego. Mabango mengi huandika "Kunywa maji safi". Uliza watu maji safi ni yapi. Watakuambia ni yale meupe, yasiyo na tope, yanayoonyesha chini ya glasi. Vijidudu vya kipindupindu havina rangi. Vinakaa humo humo kwenye meupe. Andika "maji yaliyotiwa dawa au kuchemshwa", neno la kitendo. Kadhalika "mgonjwa": wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaumwi, au huharisha kidogo tu, na bado kinyesi chao kinaeneza vijidudu kwa siku kadhaa. Kwa hiyo "kaa mbali na mgonjwa" huwapa watu usalama wa uongo.

Wakati mwingine neno sahihi liko tayari mdomoni mwa watu, likingoja mtaalamu aache kutunga lake. Kule Asembo, Siaya, mradi wa Saradidi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 uliwaacha wanakijiji wachague wahudumu wao wa afya, nao wakaitwa nyamrerwa, jina ambalo Waluo walikuwa nalo kitambo kwa mwanamke anayejua uzazi na dawa za watoto. Halikuhitaji kuelezwa. Na kuna nyakati ambapo neno ndilo hubeba kampeni nzima. Utafiti wa tohara uliofanywa hapa Kisumu kwa vijana 2,784 ulisimamishwa Desemba 2006 kwa sababu matokeo yalikuwa wazi: tohara ilipunguza hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa zaidi ya nusu. Takwimu nzuri, lakini kwa Waluo, jamii ambayo kimila haitahiri, hazikutosha. Swali la wazee lilikuwa la utambulisho: je, mnataka kutugeuza? Ujumbe uliopenya baada ya 2008 ni ule uliosema waziwazi kwamba hii ni huduma ya hospitali, ya hiari, na haiingii katika mila ya mtu. Hilo halikutoka maabara. Lilitokana na kukaa na wazee.

Msiogope pia upande wa pili wa sarafu. Kuishirikisha jamii hakumaanishi kipimo cha chumvi kipigiwe kura. Mama wa Kibuye alinichagulia chupa, hakunichagulia vijiko. Watu wana neno la mwisho juu ya picha, maneno, mahali na namna. Wataalamu wana neno la mwisho juu ya kipimo na dawa. Mtu akisema kikaoni kwamba kipindupindu kinaletwa na chira, yaani laana ya kuvunja mila, usimcheke, wala usiliandike hilo kwenye bango. Muulize, na mkiharisha wote boma zima mnafanya nini kwanza? Rasimu ikiiva, mpelekee afisa wa uhamasishaji wa afya wa kaunti ndogo aikague, na mpelekee mapema, kwa kuwa meza hizo zina mafaili mengi. Nazijua, nakaa kwenye mojawapo.

Sasa wiki zako sita. Mbili za kwanza, usichore. Keti na vikundi vidogo vya watu sita hadi kumi wanaofanana: wachota maji peke yao, bodaboda peke yao, vibarua wa mpunga, wapishi wa matanga, wauza chakula sokoni. Waache wachore ramani ya kijiji chini kwa kijiti na majivu: maji yanatoka wapi, watu wanakwenda haja wapi, mvua inapita wapi. Ukimpa mtu karatasi na kalamu anakumbuka shule, anaona haya. Ukimpa majivu anaanza kubishana na jirani yake, na ubishi huo ndio unaoutaka. Wiki ya tatu, tafuta mchoraji wa huko huko. Kuna kijana anayepaka vibanda na mikokoteni pale Ahero ambaye kazi yake watu huisoma kila siku bila kulazimishwa. Mlipe kama fundi, bei ya fundi, si "kitu kidogo cha nauli". Wale waliokaa vikaoni pia wamepoteza nusu siku ya kibarua. Wapeni kitu, na kiasi kiwe sawa kwa wote na kitangazwe mapema, ama sivyo mtagawanya kijiji kabla ya kipindupindu kufika.

Wiki ya nne, jaribu mchoro. Mtu mmoja mmoja, watu kama kumi na watano ambao hawakuwepo vikaoni. Waliouchora wanaujua tayari na watakudanganya bila kukusudia. Funika maandishi kwanza. Unaona nini? Huyu ni nani? Anakuambia ufanye nini? Wewe ungefanya, au kuna kitakachokuzuia? Kuna kitu hapa kinachokuudhi? Neno "umeelewa" lisitoke mdomoni mwako. Andika majibu kama yalivyosemwa, kwa lugha waliyoyasema. Kanuni yangu mimi ni kwamba watatu kati ya kumi wakikosea kitu kile kile, picha inachorwa upya, hata kama mimi naipenda. Wiki ya tano ni ya kurekebisha na kujaribu mara ya pili, na hii ndiyo watu huikata wakibanwa na muda. Usiikate. Ya sita mpe mchapishaji, na umdai nakala moja ya kwanza uione kwa macho yako kabla hajawasha mashine. Nimeshapokea masanduku yenye Dholuo iliyosahihishwa na kompyuta.

Mkiamua kutumia picha za watu badala ya michoro, pata ruhusa ya maandishi, na kwa mtoto ruhusa ya mzazi. Sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka ruhusa hiyo, na maandishi ndiyo ushahidi wako. Mwonyeshe mtu bango lenyewe kabla ya kutia sahihi. Mama anaweza kukubali kupigwa picha akitabasamu, asijue kwamba juu ya kichwa chake kutaandikwa KUHARA.

Ripoti uliyoandika, kama haijaenda, irudishe. Kama imekwenda, mwandikie mfadhili ukurasa mmoja: kwamba baraza lilikuwa la kuwajulisha watu, kwamba sasa mnaanza kusikiliza, na kwamba huenda idadi ya mabango ikapungua na kitu kingine kikaongezeka. Omba kabisa nafasi ya kutupa rasimu ya kwanza bila kuadhibiwa. Wafadhili wengi hukubali wakiombwa mapema. Wanaokataa, afadhali uwajue sasa.

Ule mchoro wa Nairobi usiuchome. Jumatatu ufunike maandishi, uende nao kwa akina mama watano wa kwanza utakaowakuta kisimani, uwaulize wanaona nini. Ukikutana na chupa, mwombe mama akuletee hiyo anayoiona, uipige picha pamoja na mchoro, unitumie.